Kwa nini Imam Ghazali alizieleza kwanza hoja za wapinzani wake?

Wasomi wengi wa Ulaya wa karne ya 13 walimhesabu Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, kuwa mfuasi wa mwanafalsafa Ibn Sina. Ajabu hasa, maana ndiye aliyeandika Tahafut al-Falasifa (Mkanganyiko wa Wanafalsafa), kuwapinga Ibn Sina na wenzake katika masuala 20.

Walichokisoma kilikuwa kitabu chake kingine, Maqasid al-Falasifa (Makusudio ya Wanafalsafa), kilichotafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania. Humo anazieleza fikra za wanafalsafa vizuri, bila kuzitia kasoro. Katika utangulizi alisema kwamba kupinga kutakuja baadaye, ila nakala nyingi za Kilatini hazikuwa na utangulizi huo.

Kwa nini ajitese hivyo? Katika al-Munqidh, kitabu anachosimulia safari yake ya kuitafuta kweli, anajibu kwamba hauoni ubovu wa elimu yoyote mpaka uijue sawa na mjuzi wake mkubwa. Basi, huku akifundisha wanafunzi 300 Baghdad, alitumia nafasi alizozipata kujisomea falsafa bila mwalimu, karibu miaka miwili, kisha akaitafakari karibu mwaka mzima.

Alilaumiwa. Alipozipanga hoja za Batiniyya, kundi la Kishia lililodai kuwa kweli hupatikana kwa imamu asiyekosea tu, kabla ya kuzijibu, mtu mmoja wa upande wake alimwambia kuwa anawafanyia kazi yao, kwani wenyewe wasingeweza kujitetea hivyo. Akakubali kwamba hofu hiyo ina msingi kwa hoja ambayo haijaenea. Ikishaenea, lazima ijibiwe, na haijibiki kabla ya kuelezwa.

Mihadhara yetu ya dini, Tanzania na Kenya, ingefaidika sana na adabu hii. Mhadhiri husema Wakristo wanaabudu miungu watatu, wakati Mkatoliki kila Jumapili anakiri, "Nasadiki kwa Mungu mmoja." Mhubiri naye husema Waislamu wanaabudu jiwe la Makka, na hali Umar bin Khattab alipolibusu Jiwe Jeusi alisema anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kama asingemwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Anayetaka kuupinga Utatu au ibada ya Hija aanzie hapo, kwenye maneno ambayo mwenye imani mwenyewe angeyakubali. Vinginevyo anampinga mtu asiyekuwepo ukumbini, na aliyekuwepo anarudi nyumbani na hoja yake nzima.

Na asidhani atalegea. Ghazali, baada ya subira yote ile, aliwahukumu wanafalsafa hao kuwa wamekufuru katika masuala matatu: kudai ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mungu hayajui mambo madogo moja moja, na kukana ufufuo wa miili.