Padri wa Masasi ana mke, wa Ndanda hana

Nafundisha sheria za Kanisa Katoliki, na swali la mapadri kuoa naulizwa zaidi Masasi kuliko kwingine. Si ajabu. Pale mjini padri wa Anglikana anatoka kanisani na mkewe na watoto. Ukipanda gari mpaka Ndanda, unamkuta Mbenediktini, mtawa wa Kikatoliki asiye na mke, naye anaitwa padri vilevile. Anglikana walianza zamani: Cecil Majaliwa, aliyehudumu Chitangali na kupewa upadri mwaka 1890, alikuwa na mke.

Wa Ndanda tumweke kando. Yule ni mtawa, ana nadhiri zake, na hata sheria ya mapadri ikibadilika kesho yeye haimgusi. Tunayemjadili ni padri wa jimbo, asiye mtawa. Kwake useja, yaani kutooa, ni nidhamu ya Kanisa, si fundisho la imani. Petro mwenyewe alikuwa na mama mkwe, na mkwe hapatikani bila kuoa. Mtaguso wa pili wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa wa mwaka 1139, ndio uliotamka wazi kwamba ndoa ya padri ni batili.

Sasa, "padri aoe" na "mwenye mke apewe upadri" ni mambo mawili. Wakatoliki wa Mashariki, kama Wamaroni wa Lebanoni, wako chini ya Papa huyuhuyu na wana mapadri wenye wake. Lakini walioa kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadri. Ukishapewa daraja, huoi. Kwa hiyo padri kijana aliyempenda binti wa kwaya asitegemee Mashariki kumtetea. Mlango huo hata kule umefungwa.

Mlango wa pili, wa mwenye mke kupewa upadri, mimi ningeufungua, kwa wazee waliokwisha kupimwa na maisha. Sinodi ya Amazonia ya 2019, mkutano wa maaskofu, iliomba kitu cha namna hiyo. Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2020, hakuligusa ombi hilo.

Namfikiria katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo lisilo na padri wake, huku kwetu. Jumapili anafika na baiskeli, anafungua kanisa, anafagia kinyesi cha popo, anasoma masomo, anahubiri. Misa wanaipata padri akifika, na masika barabara haipitiki.

Wenzangu wanahofia teolojia. Mimi nahofia ada ya shule. Zaka zetu zinafuata korosho: baada ya mnada kapu linajaa, lakini mwezi wa sita nilihesabu sadaka ya kigango kile mwenyewe, ikawa shilingi 4,300. Padri mwenye watoto wanne atakula nini hapo?

Nilimuuliza yule mzee, katekista, kama angekubali upadri. Akacheka, akamtazama mkewe aliyekuwa akibangua karanga kibarazani. Mama hakuinua hata uso.

"Mwalimu, awe tu. Ila salfa kwenye mikorosho utakuja kupulizia wewe?"