Kosa la walionusurika: kutoka Mirerani hadi soko la hisa

Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.74. Moja lilikuwa na kilo 9.27, la pili kilo 5.1 hivi. Hapa Arusha siku hiyo hapakuwa na habari nyingine. Kwenye daladala, kwenye vijiwe vya mabroka wa mawe, kila mtu alikuwa anapiga hesabu ya kilo. Haukupita mwezi, vijana wawili wa mtaani kwetu wakaaga kwamba wanakwenda machimboni.

Kosa la walionusurika ndilo hilo: kuipima biashara au uwekezaji kwa kuwatazama waliofika tu, kwa kuwa waliokwama njiani hawaonekani. Hapo hakuna aliyedanganya. Laizer alipata kweli, na alistahili. Lakini habari zake zimetufikia kwa sababu alipata. Asiyepata haitiwi waandishi wa habari.

Mjomba wangu alihudumia shimo Mirerani kwa miaka saba. Wanaapolo, yaani vijana wanaoshuka shimoni kuchimba, kwa kawaida hawalipwi mshahara. Mwenye shimo huwalisha, na jiwe likitoka wanagawana. Maana yake kila siku ambayo jiwe halijatoka, yeye anatoa. Daftari lake ninalo nyumbani, lile kubwa la jalada gumu, kurasa zimeshikana kwa vumbi. Upande wa kushoto: unga gunia mbili, maharage, dizeli ya kompresa, baruti, unga tena, dizeli tena. Upande wa kulia aliandika "mauzo" akapiga mstari kwa rula. Chini ya mstari huo, kwa miaka yote saba, kuna maingizo manne. La mwisho halikufikia hata dizeli ya mwezi ule. Ng'ombe kumi na wanane waliishia kwenye daftari hilo, na sijasikia semina ya ujasiriamali iliyomwalika aje alisome. Naye ana nafuu, yuko hai. Mwaka 1998, na tena 2008, maji ya mvua yaliingia mashimoni yakaua makumi ya wachimbaji. Hao hawatoi ushuhuda wowote.

Watu wa masoko ya fedha, pamoja na kompyuta zao, hunaswa palepale. Mfuko wa uwekezaji, yaani fedha za watu wengi zinazowekezwa pamoja, unaofanya vibaya mara nyingi hufungwa au huunganishwa na mwingine. Ukija leo ukachukua mifuko iliyopo, ukatafuta wastani wa faida yake kwa miaka kumi iliyopita, umeshawatoa marehemu kwenye hesabu. Wastani unapanda bila mwekezaji yeyote kuongezewa hata senti.

Kosa hili huweza kumeza soko zima. Tunaambiwa: nunua hisa, tulia, ukivumilia soko hupanda. Ushahidi mkubwa wa maneno hayo unatoka Marekani, nchi ambayo soko lake lilivuka vita mbili za dunia likiwa zima. Waliokuwa na hisa Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917, au Shanghai kabla ya wakomunisti kushika nchi mwaka 1949, nao walikuwa wavumilivu. Mali yao ilipotea, na historia yao haiingii kwenye michoro tunayoonyeshwa. Japani haikupata mapinduzi, ila faharasa yake ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni zake kubwa, ilifika 38,915 mwishoni mwa Desemba 1989, ikashuka, na haikukipita kiwango hicho mpaka Februari 2024. Aliyenunua siku ile ya 1989 akiwa na miaka 40, kufikia hapo alikuwa na 74, na kilichomfariji katikati ni gawio tu. Soko letu la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwaka 1998. Ni changa mno kutupa ushahidi wa maisha ya mtu mmoja.

Sisemi watu wasinunue hisa. Mimi mwenyewe ninazo chache. Ninachokiogopa ni uhakika wa wanaoshauri. Mnakumbuka miaka ya kware? Kila aliyetufundisha utajiri wa mayai ya kware alikuwa pia anauza vifaranga. Ushuhuda wake ulikuwa wa kweli, ila faida yake ilitoka kwetu sisi wanafunzi.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, Moshi. Alikuwepo kijana nadhifu aliyekuja kueleza kilimo cha parachichi: ekari moja miche kadhaa, mti mmoja kilo kadhaa, kilo moja shilingi kadhaa. Alikuwa na picha za shamba lake mwenyewe, zuri kwelikweli. Alipomaliza, mama mmoja anayetunza vitabu vya kikundi akamuuliza:

"Mwanangu, mlioanza pamoja mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Na wanaoendelea?"

Kijana akafikiri kidogo. "Mimi, na mwenzangu mmoja wa Machame."

Mama akaandika 11 na 2 pembeni mwa daftari la hisa, kisha akamwomba namba za simu za wale tisa.