Weusi wa kikaango si uchafu

Wiki hii peke yake wamenijia watatu hapa kibandani Kirumba, Mwanza, kila mmoja kashika kikaango cha chuma cheupe pee kama sufuria ya harusini. "Fundi, umeniuzia kibovu. Ngozi ya sato yote inabaki chini." Mama, ulikisugulia nini? Anacheka kwanza. Mchanga wa ziwani na majivu.

Hapo huwa naishiwa subira. Tumelelewa tukijua mwanamke msafi anaonekana kwa sufuria zake, basi tunashuka ziwani kusugua hadi tujione sura. Sufuria ya alminiamu itavumilia. Kikaango kizito cha kusubu, yaani cha chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, hapana. Ule weusi wa ndani ni mafuta yaliyoiva kwa moto, tabaka juu ya tabaka, yakageuka utando mgumu ulioshikana na chuma. Ndio unaozuia samaki kunata na kutu kuingia. Mchanga unaukwangua. Majivu ni mabaya zaidi, maana yakilowa hutoa maji makali kama ya magadi, na hayo hula mafuta. Pitisha kidole: kikitoka na weusi, hayo ni masizi, osha. Kikitoka kikavu na safi, nakuomba uache.

Cha yule mama nilikikausha juu ya jiko la mkaa, nikapaka alizeti kwa kitambaa, nikaifuta mpaka ukabaki mng'ao tu. Kikatoa moshi, moshi ukakata, nikapaka tena. Mara nne. Naye ananiharakisha, anawahi soko la samaki la Mwaloni: "Si umwage tu mengi mara moja?" Ukimwaga mengi yanaganda yakanata kama gundi, na utarudi kwangu kesho.

Halafu kuna wa upande wa pili, wanaoogopa hata sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haiondoi utando ulioiva. Kinachoharibu ni kukiloweka usiku kucha. Osha, suuza, kirudishe jikoni kikaukie motoni. Kitambaa peke yake hakitoshi.

Kutu nayo si kifo. Sugua kwa stilwaya, kausha, anza upya kupaka. Nisichopokea ni kilichopasuka. Chuma cha kusubu kina kaboni zaidi ya asilimia 2, hakijui kupinda. Ukikimwagia maji ya baridi kingali cha moto kinaweza kulia "tak!" na habari ikaishia hapo.

Nyanya na ndimu pika, ila usilaze mchuzi humo. Ukali wake hulegeza utando, na asubuhi utakuta mchuzi una ladha ya chuma. Wapo wanaoniambia hiyo ni sumu. Ni madini yale yale ambayo wajawazito hupewa vidonge vyake kliniki.