Je, wajua kwa nini anga ni la buluu ilhali mawingu ni meupe?

Jua ni lile lile, na mwanga wake ni ule ule. Mbona basi wingu liwe jeupe na anga linalolizunguka liwe la buluu? Siri imo katika ukubwa wa kile ambacho mwanga unakutana nacho njiani.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu ni kama nanomita 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), buluu kama 450. Molekuli za nitrojeni na oksijeni hewani ni ndogo kuliko mawimbi hayo kwa zaidi ya mara elfu. Mwanga ukizipiga hutawanyika kila upande, ila rangi hazitawanyiki sawasawa. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza John William Strutt, ambaye baadaye aliitwa Lord Rayleigh, alionyesha kwamba wimbi likipungua urefu kwa nusu, mtawanyiko huongezeka mara 16. Kwa hesabu hiyo buluu hutawanyika karibu mara sita ya nyekundu, ndiyo maana hutufikia kutoka kila pembe ya anga.

Hapo mbishi atauliza: urujuani una wimbi fupi zaidi, mbona hatuuoni? Ana haki ya kuuliza. Jua hutoa urujuani kidogo kuliko buluu, na macho yetu nayo ni mazito kuuona.

Matone ya wingu ni makubwa kuliko mawimbi yote tunayoyaona, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu kwa kiwango kimoja. Zikichanganyika, tunaona weupe. Ukungu ni hivyo hivyo.

Jua linapotua, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu huchujwa njiani, nyekundu ikafika.

Kinachonivutia zaidi ni chembe za ukubwa wa kati, kwa sababu hizo huvuruga kanuni. Mlima Krakatoa ulipolipuka huko Indonesia mwaka 1883, chembe zake zilienea angani, na watu sehemu mbalimbali duniani wakaona jua na mwezi vikiwa na rangi ya buluu au kijani. Kwenye sayari ya Mirihi, vumbi laini huielekeza buluu mbele, upande ule ule mwanga unakokwenda. Roboti ya Curiosity ilipiga picha za machweo huko mwaka 2015: anga linalolizunguka jua lilikuwa la buluu.