Je, wajua? Tiba ya kuongea ilipewa jina na mgonjwa

Mtu akikaa leo mbele ya mnasihi na kumwaga yaliyo moyoni, sifa za njia hiyo huenda moja kwa moja kwa Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Lakini ni nani aliyegundua kwamba kusimulia kunaweza kumpa mgonjwa nafuu? Hakuwa daktari. Alikuwa msichana wa miaka 21, tena mwenyewe hoi.

Bertha Pappenheim alizaliwa Vienna mwaka 1859. Mwaka 1880, akimuuguza baba yake, naye akaanza kuugua: mkono ulipooza, kikohozi hakikumwacha, macho yakamsumbua. Baadaye hata Kijerumani, lugha aliyokulia, kikamtoka akabaki na Kiingereza. Daktari wake, Josef Breuer, akawa anakwenda kumsikiliza.

Kisa cha maji ndicho kitamu zaidi. Wakati wa joto kali, Bertha alishindwa kabisa kunywa maji. Kwa wiki kama 6 alikata kiu kwa matikiti na matunda mengine. Siku moja, akiwa katika usingizi wa hipnosi, akamsema vibaya mama mmoja Mwingereza aliyekuwa akikaa naye: aliwahi kuona mbwa wa mama huyo akinywa kwenye glasi, kinyaa kikamshika, lakini kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kutoa dukuduku lake, akaomba maji, akayanywa bila shida, akazinduka glasi ikiwa bado mdomoni.

Bertha mwenyewe ndiye aliyeupa mtindo huo wa kusimulia hadi nafuu ije jina, kwa Kiingereza chake: tiba ya kuongea. Akitania aliuita kufagia dohani, yaani kukwangua masizi yaliyoganda ndani.

Mgonjwa mwingine aliyefundisha daktari, huyu wa Freud, ni mjane tajiri aliyeandikwa kwa jina la kubuni la Emmy von N. Freud alizoea kumkatiza kwa maswali, hiki kimetoka wapi, kile kimetoka wapi. Mama akachoka, akamwambia aache kuuliza, amwache aseme alicho nacho. Freud akatii. Kumwacha mgonjwa aseme lolote linalomjia kukaja kuwa nguzo ya saikoanalisia nzima, yaani njia ya Freud ya kutibu akili kwa mazungumzo, nami naona mwalimu hapo alikuwa mgonjwa.

Visa vyote viwili vilichapishwa mwaka 1895 katika kitabu cha Breuer na Freud kuhusu histeria, jina la wakati huo la maradhi kama ya Bertha, naye akiitwa humo Anna O. Mwaka 1909, akihutubia Marekani, Freud alisema sifa ya kuanzisha saikoanalisia si yake, ni ya Breuer. Hakuficha kwamba jina la tiba lilitoka kwa mgonjwa, ila sifa haikufika huko.

Tusitie chumvi, lakini: Bertha hakupona upesi kama kitabu kinavyodai. Mwaka 1882 alipelekwa kwenye hospitali ya Bellevue, Kreuzlingen, Uswisi, na kumbukumbu za huko zilikuja kujulikana karibu miaka 90 baadaye. Hata jina lake halisi lilitajwa hadharani mwaka 1953, yeye akiwa amefariki tangu 1936.

Katikati ya hayo aliishi maisha mengine kabisa. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani, na mwaka 1907 akafungua nyumba ya kuwalea wasichana na watoto Neu-Isenburg. Ujerumani Magharibi ilipotoa stempu yenye sura yake mwaka 1954, ilikuwa kwa ajili ya kazi hiyo.