Mlima Meru si mazoezi ya Kilimanjaro

Wapandaji wengi hufika lango la Momella, Hifadhi ya Taifa Arusha, wakiwa na hesabu moja kichwani: Meru wiki hii, Kilimanjaro wiki ijayo. Hesabu yenyewe si mbaya, kwani mwili uliokwisha kulala juu ya mita 3,500 huistahimili vizuri zaidi safari inayofuata. Tatizo ni pale mtu anapoidharau Meru kwa kuwa kilele chake kina mita 4,566 tu, wakati mwenzake ana 5,895. Kinachomwangusha mpandaji si urefu peke yake. Ni jinsi alivyoufikia upesi.

Tazama ratiba ilivyo. Lango liko kwenye mita 1,500 hivi. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514, na wa pili kambi ya Saddle, mita 3,570. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Hapa unaruka zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na katikati hakuna kambi. Kwa hiyo ukifika Saddle mapema usijitupe kitandani. Kunywa maji, kula, kisha mchana huohuo panda taratibu hadi kilele kidogo cha Little Meru, mita 3,820, urudi kulala chini. Mwenye nafasi na fedha aombe kulala usiku mmoja zaidi kambini. Kwa maoni yangu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko viatu vya bei mbaya.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa asilimia ileile ya Tanga au Dar es Salaam, ila mgandamizo wake umeshuka hadi kuzidi kidogo nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingiza pungufu. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi kukatikakatika. Ukiwa nazo, usipande zaidi mpaka ziishe, zikizidi, shuka. Dawa ya maumivu itakutuliza kichwa, lakini isikudanganye kwamba mwili umeshazoea. Ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ambayo wengi huimeza kwa kuambiwa na rafiki, muulize daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji kifaa. Mwambie mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi hivi. Akiyumba, au akianza kujibu mambo yasiyoeleweka, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa ameketi tu, na kukohoa mfululizo, huenda mapafu yanajaa maji. Wote wawili washushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na wasiachwe washuke peke yao. Usimwache mtu alale ati kesho atakuwa nafuu. Na tusidanganyane kuhusu mazoezi: mkimbiaji hodari anaweza kuugua wakati mzee anayetembea polepole nyuma yake yuko salama. Tena hodari ndiye anayeficha dalili, maana anaona aibu.

Huku chini, hatari ina pembe. Msitu kati ya Momella na Miriakamba ni makazi ya nyati, na ndiyo sababu huruhusiwi kupanda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Wageni humpiga picha kama pambo la safari, ilhali kazi yake hasa ni kusoma njia: kinyesi kibichi, majani yaliyolaliwa, harufu, upepo unatoka wapi. Akisimama, simama. Akinyanyua mkono, nyamaza. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hujilaza kichakani na hushtuka ukishamkaribia. Tembeeni kwa mstari, karibukaribu, na anayetaka kwenda haja aseme badala ya kuchepuka kimyakimya.

Safari ya kilele huanza saa saba au saa nane usiku. Baada ya mahali paitwapo Rhino Point njia inafuata ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, sehemu nyingine ni mwamba mtupu na nyingine jivu linaloteleza, na giza linakufichia shimo lililo pembeni. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba. Jinzi na fulana ya pamba ziache nyumbani, zikilowa jasho zinakunyang'anya joto. Sweta la sufu la mtumba linakufaa zaidi. Kukipambazuka utaona kwa nini watu huusifu mlima huu: upande wa mashariki ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, na ndani ya kreta kimesimama kilima cha majivu. Volkano hii ililipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910.

Wanaopanda kwa siku tatu hushuka kutoka kileleni hadi langoni siku hiyohiyo, takriban mita 3,000 za mteremko. Magoti huanza kutetemeka na watu huteguka vifundo mahali pepesi kabisa. Chagua siku nne.

Mlima huu pia ni tangi la maji. Mto Themi unaopita katikati ya jiji la Arusha unaanzia kwenye miteremko yake, sawa na vijito vinavyomwagilia migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha. Tumia vyoo vya kambini. Ukibanwa njiani, mwambie askari akuonyeshe mahali mbali na maji, chimba, fukia, na karatasi zirudi nawe mfukoni. Juu ya msitu, vichaka na kuvumwani, ule uoto unaoota juu ya miti na mawe, hukauka sana miezi ya Agosti hadi Oktoba. Kipande kimoja cha sigara kinatosha kuwasha mteremko mzima, na hakuna gari la zimamoto linalofika huko.