"Atasema tu": miaka inayopotea tukimsubiri mtoto mwenye usonji

Mzazi huja kliniki na mtoto wa miaka minne ambaye bado hasemi. Ninapomuuliza aligundua lini kwamba kuna jambo, mara nyingi hunijibu: kabla hajatimiza miaka miwili. Hapo katikati zimepita kauli za kufariji. "Atasema tu." "Baba yake naye alichelewa." "Watoto wa kiume ndivyo walivyo." Waliosema hivyo walikuwa na nia njema kabisa, lakini miaka miwili imekwenda, na ni miaka ambayo ubongo wa mtoto hujifunza kwa kasi asiyoipata tena ukubwani.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, uhusiano na watu, na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Urithi una nafasi kubwa. Usonji hauletwi na laana, wala mama hakukosea malezi. Chanjo pia haihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461 haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Nalisisitiza hili kwa sababu surua inaua, na mdogo wa mtoto mwenye usonji asinyimwe chanjo kwa hofu isiyo na msingi.

Hapa Tanzania kuna utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006. Ulichunguza watoto 20, na 14 wakatimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Dalili zilianza walipopona. Watoto watatu hawatoshi kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, mtoto aliyepona malaria kali kisha akapoteza maneno aliyokuwa nayo asiachwe nyumbani kwa matumaini kwamba ni uchovu wa ugonjwa.

Tazama nini basi? Wengi huangalia maneno. Mimi huanza na kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache akiona kunguru juu ya ukuta humnyooshea kidole, kisha humgeukia mama yake kuhakikisha naye ameona. Hahitaji kupewa chochote, anataka tu waone pamoja. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka maji hukamata mkono wa mama na kuupeleka kwenye kikombe bila kumtazama usoni. Ongeza na haya: kutogeuka akiitwa jina akiwa na mwaka mmoja, kutokuwa na neno hata moja akiwa na miezi 16, kutounganisha maneno mawili akifika miaka miwili, na zaidi ya yote, kupoteza uwezo aliokuwa nao. Hilo la mwisho halisubiri hata wiki, awe na umri wowote.

Sasa nifike kwenye habari njema, ambayo naona haijawafikia wazazi wa Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam kama inavyostahili: mzazi mwenyewe anaweza kuwa sehemu kubwa ya tiba. Uingereza, watafiti waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hadi minne kwa njia ya video. Mzazi anacheza na mtoto, wanarekodiwa, kisha anakaa na mtaalamu kutazama ni wapi mtoto alijaribu kuwasiliana na yeye hakuona. Watoto 152 walishiriki katika makundi mawili, na walipofuatiliwa takriban miaka sita baadaye, dalili za watoto ambao wazazi wao walifundishwa zilikuwa zimepungua kuliko za watoto wa kundi lisilopata mafunzo hayo. Njia hiyo ikapelekwa Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistani, kwa watoto 65, ikitolewa na wahudumu wa afya wasio mabingwa. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha wazazi wakiitikia watoto vizuri zaidi, na watoto wakianzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Kwa nchi yenye mabingwa wachache kama yetu, naona huu ndio mlango wetu.

Nyumbani inakuwaje? Zima televisheni, weka simu mbali, kaa mkekani uso wako ulingane na wake, dakika kumi tu. Akipanga vifuniko vya chupa, usimnyang'anye kumfundisha rangi. Panga naye. Sema neno moja linaloendana na anachofanya: "kifuniko", "juu", "kimeanguka!" Kisha nyamaza umsubiri. Kusubiri huko ni kugumu kuliko kunavyosikika, kwa sababu tumezoea kuwauliza watoto: "Hii nini? Sema! Sema mama!" Akikutupia jicho, akiguna, akikusogezea kifuniko, hayo ni mazungumzo, mjibu. Dada wa kazi na bibi nao wafundishwe, maana mara nyingi wao ndio wanaoshinda na mtoto.

Anzia kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, useme waziwazi kinachokutia wasiwasi na uombe rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili kuna huduma za afya ya akili kwa watoto na za utengamao. Usikivu upimwe mapema, kwani mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. Beba kadi ya kliniki na video fupi za mtoto akila, akicheza na akiitwa jina, maana mbele ya mgeni anaweza kuwa tofauti kabisa. Ukipangiwa tarehe ya mbali, michezo ya mkekani isisubiri tarehe hiyo.

Na kama ana mdogo wake, njoo naye pia. Katika familia yenye mtoto mmoja mwenye usonji, takriban mdogo 1 kati ya 5 huwa nao. Tungependa kumwona akiwa na mwaka mmoja, hata kama anacheka na kila mtu.